Kua uyaone: filamu humpa kijana safari, mzee ugonjwa. Sisi wa makamo tunapewa nini?

#1 Kibanda Umiza

Wakuu, habari za jioni. Wakubwa wangu shikamooni.

Uzi huu umetokana na neno moja linalonikera: kujitambua. Siku hizi kila mtu hajitambui. Umefika miaka 30 huna kiwanja? Hujitambui. Binti kakataa posa ya mwenye duka? Hajitambui. Mzee wa miaka 60 kanunua pikipiki nyekundu? Huyo ndiyo kabisaa. Neno limegeuzwa fimbo ya kuchapia wenzetu, na hao wachapaji ukiwauliza wao ni akina nani watakutajia kazi na idadi ya watoto.

Mimi nimekulia kibanda umiza, yale mabanda ya mtaani ya kuonyeshea video. Benchi la mbao, TV ya chogo ndani ya kasha lenye kufuli, jasho, na mtafsiri anayeongeza chumvi hadi wahusika wa Hong Kong wanatukanana kwa matusi ya Manzese. Kule sheria ilikuwa moja, stelingi, yaani shujaa wa filamu, hafi. Ila kulikuwa na sheria ya pili ambayo nimeigundua ukubwani: stelingi hajiulizi maswali. Anajijua tangu dakika ya kwanza, kilichobaki ni kumlipia kisasi mwalimu wake. Nikakua nikiamini utu uzima unakuja hivyo, unalala mtoto unaamka unajua.

Sasa nina miaka 43 na bado nasubiri asubuhi hiyo.

Nimekuwa nikifuatilia filamu zinazogusa jambo hili na nimeona mgawo wa ajabu. Kijana akitaka kujijua anapewa safari: anaondoka nyumbani, anapigwa na dunia, anarudi mtu mwingine. Mzee anapewa ugonjwa: daktari anamwambia miezi imebaki michache, ndipo anaanza kuishi. Katikati hapa, kati ya 35 na 55, mtu anapewa mchepuko, gari jipya au bastola. Kama vile hatuna la kujifunza, tupo tu kulipa ada.

Ya wazee iliyonishika ni Ikiru ya Akira Kurosawa, ya mwaka 1952. Watanabe ni mkuu wa kitengo manispaa, miaka karibu 30 anagonga mihuri kwenye makaratasi. Anagundua ana saratani ya tumbo. Anajaribu pombe na muziki usiku mmoja, haimsaidii. Anamganda binti mmoja aliyekuwa mfanyakazi wake kwa kuwa ana uchangamfu, mpaka binti anamwogopa. Halafu wakiwa mgahawani inamwingia kwamba bado lipo jambo anaweza kufanya palepale ofisini kwake. Anashuka ngazi mbio, na muda huohuo vijana wa meza nyingine wanamwimbia mwenzao wimbo wa siku ya kuzaliwa. Anayeimbiwa ni mwingine, anayezaliwa ni yeye. Niliisimamisha hapo nikatoka nje kupunga upepo.

Anachokwenda kufanya ni kusukuma ombi la akina mama wa mtaa waliotaka dimbwi la maji machafu lifukiwe na watoto wajengewe uwanja wa kuchezea. Basi. Hakuna kisasi wala hazina.

Leteni zenu. Filamu gani ilikuonyesha wewe ni nani, na ulikuwa na umri gani?

#2 Chalii wa Ngarenaro

Siti ya mbele, bisi mkononi.

#3 Binti Makorora

Mimi nachangia upande wa watoto maana ndio waliokamata rimoti nyumbani.

Inside Out ya 2015 niliiwasha ili wanyamaze nikaange samaki. Samaki wakaungua. Riley ana miaka 11, familia imehama mji, na ndani ya kichwa chake wanaendesha mitambo Furaha, Huzuni, Hasira, Hofu na Kinyaa. Furaha muda wote anamzuia Huzuni asiguse kitu, anamchorea duara chini asimame humo asitoke. Mwisho anagundua kuwa mtoto asipoachwa ahuzunike hawezi hata kuwaambia wazazi kuwa anaumia. Jamani, sisi tumelelewa na "nyamaza, usilie, watu watakuonaje". Nililia kuliko watoto.

Ya pili, ya 2024, Riley ana 13 na wanaingia wageni, akiwemo Wasiwasi. Hapa Kiswahili kimetubariki. Hofu yupo tangu zamani, anaogopa kinachoonekana. Wasiwasi anaogopa ambacho hakijatokea, anakaa usiku kucha anatunga majanga. Ukimwambia Mswahili hofu na wasiwasi ni watu wawili tofauti hahitaji maelezo, tunajua wasiwasi ananong'ona. Mtoto aliyeanza akijiamini kuwa ni mtu mwema anaishia kujiambia hafai, na kazi hiyo kaifanya Wasiwasi kwa nia njema kabisa ya kumsaidia.

Kwa hiyo Kibanda, mimi nina 34 na nimejifunza kupitia mtoto wa kuchorwa wa miaka 13. Usidharau katuni.

#4 Mwana wa Kisauni

Naunga hapo kwa katuni. Ile ya mfalme simba ya 1994, The Lion King, imejaa maneno yetu: Simba, Rafiki, na Pumbaa ambaye jina lake lilitosha kutuonya, aliyepumbaa. Dunia nzima yaimba hakuna matata yakidhani ni hekima ya Waswahili. Hapa kwetu ni maneno ya kuimbiwa watalii hotelini. Mtu akinambia hakuna matata nashika mfuko.

Lakini tazama vizuri. Wimbo ule ndio mtego wenyewe. Kijana Simba kafiwa na babake, kaambiwa kosa ni lake, kakimbia. Huko mwituni yuwala wadudu na kuimba, mwili wakua manyoya yatoka, na ndani yungali mtoto yuleyule aliyekimbia. Amepevuka, hajakua. Huku nyuma nchi yakauka na majike ndio wawindao. Nala, simba jike rafikiye wa utotoni, kaja kumkumbusha, kambishia. Mpaka kagongwa fimbo ya kichwa na yule nyani mzee, Rafiki.

Langu mimi ni kwamba Nala hakupewa safari. Alikuwa mkubwa tangu mwanzo kwa sababu njaa ilikuwako nyumbani. Wanawake mara nyingi hukuzwa hivyo, kwenye filamu na nje yake.

#5 Mkaazi wa Umoja

Wadau, salamu kutoka Nairobi. Nyinyi mko na wanyama na katuni, hebu tuje kwa watu.

Nairobi Half Life, 2012, ya Tosh Gitonga, ndiyo filamu ya kwanza Kenya kupeleka Oscar. Mwas ni kijana wa ushago, yaani kijijini, anauza mikanda ya filamu na anaiigiza mbele ya wateja ndiyo wanunue. Anataka kuwa mwigizaji. Anakuja jijini, siku ya kwanza anaibiwa kila kitu, analala seli. Huko seli ndiko anajuana na Oti na genge lake. Mchana anafanya mazoezi ya tamthilia na watu wa Kizungu kingi, usiku anaiba vipuri vya magari.

Sasa Kibanda umesema kijana hupewa safari. Ni kweli, lakini tazama anachojifunza Mwas. Hajifunzi kuwa mwema. Anajifunza kwamba yeye ni wawili, na jiji linamlipa zaidi yule mwizi. Ile siku ya mwisho anapanda jukwaani damu ya wenzake haijakauka. Anaigiza, na hatujui tena kama anaigiza. Mimi nilikuja Nairobi nikiwa na miaka 19 na nguo kwa karatasi ya nailoni. Sikuiba, lakini najua vile mtu hujifunza kuwa na sura mbili: moja ya kupigia mama simu, na moja ya kulipa kodi ya nyumba.

#6 Kibanda Umiza

Mkaazi, umenigusa pabaya. Ile sura ya kupigia mama simu sote tunayo. "Huku salama mama, kazi ipo."

Ila unaona unavyonithibitishia hoja? Mwas yuko kwenye ishirini na kitu. Akifika 43 nani atampigia picha? Tufanye kaacha wizi, ana mke, ana mkopo wa SACCOS, anaigiza matangazo ya sabuni. Filamu yake iko wapi?

#7 Mama Wawili

Filamu yake ipo, sema mmeitazama mkimwangalia mtoto.

Boyhood ya Richard Linklater. Waliipiga kuanzia 2002 hadi 2013, kila mwaka siku chache, waigizaji walewale, ikatoka 2014. Mtoto Mason anaanza ana miaka 6 anamaliza 18, unaona sauti ikivunjika kweli, chunusi za kweli. Kila mtu alimsifia mtoto. Mimi nilimwona mama yake.

Huyo mama anaanza akiwa hana mume wala kazi ya maana. Anarudi chuo na watoto mkononi. Anaolewa na mhadhiri, kumbe mlevi na mpigaji, anatoroka na watoto wake. Anamaliza shule, anakuwa mwalimu wa chuo. Anaolewa tena, huyo naye chupa inamshinda. Kila akisimama kitu kinaanguka, na kila kikianguka yeye ndiye anayefagia. Wahenga walisema ukubwa jalala.

Halafu siku Mason anafungasha kwenda chuo, mama anaangua kilio. Si kwa sababu mtoto anaondoka tu. Ameketi mezani anahesabu maisha yake, ndoa, talaka, watoto, shahada, kazi, na anaona kilichobaki kwenye orodha ni mazishi yake. Alidhani kungekuwa na zaidi. Patricia Arquette alipewa Oscar kwa kazi hiyo na wangempa mbili nisingebisha. Mtoto anamtazama tu, haelewi. Ana miaka 18, ataelewa wapi?

Kuna kingine watu hawakioni. Mapema anamwambia kijana fundi anayechimba uani kwake kwamba ana akili, aende shule. Sentensi moja, anaendelea na shughuli zake. Miaka baadaye wako mgahawani, meneja anakuja kumshukuru, ni yule fundi. Yaani maisha anayoyaona yamempita, mtu mwingine alishayachota akajengea yake. Mwenyewe anababaika, anashukuru, wanaondoka.

Nina 47. Mwanangu wa kwanza kaenda JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, mwaka huu. Niliosha vyombo vilivyokuwa safi.

#8 Chuma cha Pua

Mnaangalia filamu za kulialia halafu mnasema maisha magumu. Wekeni ya mapanga hapo. Mtu mzima hajiulizi yeye ni nani, anajiuliza kesho anakula nini.

#9 Mama Wawili

Chuma, huyo anayejiuliza kesho anakula nini na watoto wake watakula nini ndiye ninayemzungumzia tangu post ya 7. Soma, mwanangu.

#10 Chalii wa Ngarenaro

Kapigwa na mapanga aliyoyaomba 😂

#11 Dada wa Leicester

Nimesoma wote kimya nikitoka zamu. Mimi kazi yangu huku Uingereza ni kulea wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee, hivyo nitasema la wazee, na nitampinga kidogo mleta uzi.

Filamu zinapenda kumpa mzee hekima, kama vile mvi ni cheti. Mzee akiingia tu kwenye picha ujue anakuja kusema methali. Mimi nawaogesha, nawalisha, nawajua. Wapo wenye hekima, wapo wakorofi, na wengi wana miaka 85 na bado wanagombana na dada zao waliokufa.

The Father ya Florian Zeller, 2020, ndiyo pekee niliyoona inasema kweli. Anthony Hopkins ni mzee anayesahau. Lakini hukai nje ukimwonea huruma, filamu inakuingiza kichwani mwake. Binti yake anatoka akija tena ni mwigizaji mwingine, na wewe mtazamaji unasema hee, huyu nani? Nyumba inabadilika samani taratibu. Anatafuta saa yake ya mkononi kila mara na kumshuku mhudumu kaiba. Hiyo saa, jamani! Mimi nimeshashukiwa kuiba miwani, pete, na picha ya mbwa. Unajifunza kutokasirika, kwa sababu anachotafuta si saa. Mtu anayepoteza muda wote anataka angalau kifaa cha kuushika.

Mwishoni anauliza yeye mwenyewe ni nani hasa, na anamlilia mama yake. Hopkins alishinda Oscar kwa hiyo akiwa na miaka 83, hakuna mwigizaji mkuu aliyewahi kuipata akiwa na umri mkubwa zaidi, na hata ukumbini hakuwepo.

Sasa hapo kujitambua kuko wapi? Tunalikusanya miaka themanini kama mtu anayejaza maji kwenye pipa, kumbe chini pana tundu. Naogopa kuisema hivi lakini ndivyo nionavyo saa tisa usiku. Ila nimeona pia kuwa kinachobaki mwisho si kile mtu alichojua juu yake mwenyewe. Kuna bibi hakumbuki jina lake, lakini ukimpa taulo analikunja vizuri, pembe kwa pembe, halafu anakupapasa mkono.

#12 Mwalimu Mstaafu

Vijana, heshima zenu. Dada wa Leicester, pole na kazi, na asante kwa kutuvua koti la hekima. Lilikuwa linabana.

Nina miaka 68. Mnazungumzia filamu za kutungwa. Ipo ya watu wa kweli, mfululizo uitwao Up, inayojibu swali hili vizuri kuliko zote. Mwaka 1964 televisheni ya Granada huko Uingereza iliwachukua watoto 14 wa miaka saba, wa matajiri na wa maskini, ikawauliza wanataka kuwa nani. Hoja yao ilikuwa ukiniachia mtoto hadi miaka saba nitakuonyesha mtu mzima wake. Sisi tunasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Michael Apted, aliyekuwa mtafiti kijana wa kipindi hicho, akachukua usukani, akawarudia kila baada ya miaka saba: 14, 21, 28, mpaka 63 mwaka 2019. Yeye mwenyewe alifariki Januari 2021.

Humo yumo Neil. Akiwa na miaka saba ni mtoto mchangamfu wa Liverpool, anarukaruka, anataka kuwa mwanaanga. Akiwa na 28 hana makazi, anazunguka Uskoti, anatikisika akiongea. Ukiishia hapo utasema filamu imekwisha, mtoto kapotea. Baadaye ni diwani. Halafu yumo Suzy, akiwa na 21 anavuta sigara moja kwa nyingine na kuiponda ndoa, mwenye fedha na asiye na furaha. Miaka saba baadaye ana mume na watoto na uso umelainika kiasi kwamba unadhani wamebadilisha mtu.

Nilichojifunza pale ni kwamba hakuna siku. Kibanda anasubiri asubuhi ya kuamka anajua, na filamu za kutungwa zimemdanganya kwa sababu zina dakika 120, lazima siku hiyo waipate mahali, mvuani, kaburini au kwenye ngazi za mgahawa. Apted aliwapa miaka 56 na hakuna aliyenaswa akigeuka. Kamera ikirudi ameshageuka, naye hajui lini.

Tena wale watu walilalamika. Baadhi walijitoa. Walisema huyo mnayemwonyesha siyo mimi. Mtu wa miaka 42 analazimishwa kujibu maneno ya mtoto wa saba! Nami nikiletewa insha zangu za darasa la pili ningeuma mtu.

Nimalizie na mwenzangu wa chaki, mzee Kimani Maruge wa Eldoret. Kenya ilipotangaza elimu ya msingi bure mwaka 2003, mzee wa miaka 84 alienda kuomba darasa la kwanza, akaandikishwa Januari 2004 na sare yake. Filamu yake ni The First Grader, Oliver Litondo ndiye anamcheza. Humo anatesekea kuchonga penseli tu, kwa sababu inamrudisha kwenye mateso ya kambi ambako Waingereza waliwafunga wapiganaji wa Mau Mau. Yeye hakupewa ugonjwa ili ajitambue. Alikuwa anajijua siku zote, alikosa herufi.

#13 Mkaazi wa Umoja

Mwalimu, heshima. Hiyo ya "alikosa herufi" naenda nayo.

#14 Kibanda Umiza

Mwalimu umenivunja mbavu za hoja, nakubali. Leo narudi na ripoti badala ya ubishi.

Jumamosi nilienda kwa baba mkoani. Ana miaka 71, kastaafu halmashauri, alikuwa masijala. Nikamwekea Ikiru, namtafsiria mwenyewe kama enzi za kibanda. Pale mwanzo wale akina mama wanapozungushwa, nenda afya, nenda mipango, nenda maji, rudi mlipoanzia, mzee alicheka hadi akakohoa. Anasema hao Wajapani walikuja kwetu kupeleleza. Akanisimulia faili moja lililokaa miaka tisa kwa sababu karani alilifanya mto wa kiti.

Unajua Watanabe anakufa theluthi moja ya filamu ikiwa bado. Inayobaki ni msiba: wafanyakazi wenzake wanakunywa na kubishana uwanja ule ni kazi ya nani, naibu meya kashajipa sifa. Wanalewa, wanaapa kuanzia kesho watafanya kazi kama marehemu. Kesho yake anakuja mwananchi na shida yake, anaambiwa nenda dirisha lile. Mmoja anasimama kwa hasira, anatazamwa, anakaa taratibu mpaka rundo la mafaili linamfunika uso. Hapo nikamwambia mzee ona, kujitambua hakuambukizi. Nilijiona nimesema kitu.

Yeye alikuwa hacheki tena. Akaniomba nirudishe nyuma, pale Watanabe anapotaka kumwambia mwanawe habari za ugonjwa akashindwa. Tukaangalia tena. Akauliza: "Kwa hiyo yule kijana hakujua mpaka mwisho?" Nikamwambia hakujua, alidhani babake ana kimada. Akasema haya, zima tulale, umeme wenyewe wa kununua. Asubuhi alinisindikiza hadi stendi, jambo ambalo halifanyagi.

Kwa hiyo nadhani ya watu wa makamo ipo pale pale ndani ya Ikiru, ni yule mwanawe, ila Kurosawa hakumpa nafasi. Mnaonaje?

#15 Mama Wawili

Kibanda, baba yako hakuwa anauliza habari za filamu.

#16 Dada wa Leicester

Nilitaka kuandika hivyohivyo. Mpigie.

#17 Kibanda Umiza

Natoka nje kuna mtandao mzuri. Narudi.